Mama anaomba tumsaidie afe

SWALI: Mama yetu ana saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kuenea, na hospitali imeturudisha nyumbani kwa maelezo kwamba hakuna tiba iliyobaki. Usiku hulia kwa maumivu, na amenisihi nimtafutie dawa ya kumaliza mateso kwa sababu, asema, ametuchosha. Kaka yangu anasema Uholanzi na Kanada jambo hilo ni halali na kwamba kumkatalia mama ni ukatili. Je, ni kweli?
Binti anayeuguza, Morogoro

JIBU: Pole sana kwa kuuguza, dada.

Kuhusu sheria za huko, kaka yako hakukosea: Uholanzi imeruhusu tangu mwaka 2002, na Kanada tangu 2016. Hata hivyo, sheria ya Uholanzi inamtaka daktari aridhike kwamba mateso hayavumiliki, na kwamba yeye na mgonjwa wamekubaliana kuwa hakuna njia nyingine ya maana. Sharti hilo ndilo linaloniongoza kukujibu, kwa kuwa katika barua yako yote hujataja kwamba mama anapewa mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali. Ombi la kufa linalotoka kwa mtu ambaye maumivu yake hayajatibiwa siwezi kulihesabu kuwa uamuzi huru, na kulitimiza kungekuwa kumnyima tiba kisha kumwita mwenye hiari.

Kwa sheria ya Tanzania, anayeharakisha kifo cha mgonjwa huhesabiwa kuwa amekisababisha, hata kama ugonjwa wenyewe ungemuua. Kuacha matibabu yasiyomfaa tena ni jambo lingine, kwani hapo kinachoua ni ugonjwa. Mofini nayo si kuua. Ikitolewa kwa kipimo sahihi kwa kawaida haifupishi maisha, na hata Papa Pius XII, mwaka 1957, alikubali dawa za maumivu zinazoweza kuyafupisha, maadamu nia ni kutuliza. Nchini Uganda, shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, limeonyesha kwamba mofini ya maji, ambayo ni ya bei nafuu, inaweza kumfikia mgonjwa akiwa kwake.

Sidai kwamba mofini inamaliza mjadala, kwa maana wapo wachache ambao mateso yao hubaki, na juu yao watu wema hutofautiana. Tena si maumivu pekee yanayowasukuma watu kuomba kufa: katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria ya kumruhusu mgonjwa asaidiwe kufa ilianza kutumika mwaka 1997, wagonjwa wengi hutaja kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo yao kuliko maumivu, na wengi pia hutaja hofu ya kuwa mzigo. Mama naye amesema amewachosha. Neno hilo halijibiwi kwa dawa, bali kwa ninyi watoto kugawana zamu waziwazi, ili asione mmoja wenu akidhoofika kwa ajili yake.

Nendeni hospitali ya mkoa mkaulizie huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi. Isipopatikana, ombeni rufaa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mofini ya maji hunywewa kwa saa zilizopangwa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, bila kusubiri maumivu yarudi, na kwa kuwa hufunga choo, ombeni pamoja nayo dawa ya kulainisha choo. Mwende na kaka yako.