Anzieni Mikindani, msianzie Dar

Binti yangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipata, na za mkwe wangu pia. Umeuliza kama likizo ya Julai mtoke Dar kwa baiskeli mje nyumbani, au mje kwa basi, baiskeli zikiwa kwenye buti, kisha mrudi Dar kwa kuzinyonga. Unasema moyo wako unataka kuingia uani kwa mama yako ukiwa juu ya baiskeli.

Moyo wako naujua, lakini anzieni hapa Mikindani, jirani na Mtwara.

Julai ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Wewe ni mtoto wa pwani, huhitaji kuelezwa kwamba majahazi yalishuka na kaskazi yakapanda na kusi, na nahodha aliyekosa msimu alikaa bandarini akasubiri. Barabara ya Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560, na ukishapita Mnazi Mmoja ya huku Lindi sehemu kubwa inaelekea kaskazini. Mkitoka huku, kusi inawasukuma mgongoni. Mkitoka huko, itawapiga usoni, na jua likishapanda ndipo inapozidi. Nilichuuza samaki kwa baiskeli kabla hujazaliwa, kwa hiyo nakwambia ninachokijua: mlima una kilele, ukikifika unateremka, lakini upepo wa mbele hauna kilele. Tena ndio unaogombanisha watu wawili. Mwenye nguvu hauoni upepo, anachoona ni mwenzake kubaki nyuma.

Halafu hamjawahi kusafiri hivi. Mkianzia hapa, siku ya kwanza mnalala kwa shangazi yako Madangwa, hata Mnazi Mmoja hamjafika. Kama keria imelegea au goti linauma, kesho yake mnapanda gari mnarudi, mama anawachemshia chai, mnaanza upya. Mkianzia Dar, siku ya kwanza ni Mbagala na Kongowe, malori mbele, bodaboda pembeni, nanyi bado hamjazoea mzigo. Na hata kurudi, msiingie mjini na baiskeli. Mkifika Mkuranga zipakieni kwenye gari. Kipande kile hakina cha kuona na kina kila cha kuogopa.

Kinachonifikirisha mimi ni Lindi hadi Nangurukuru, zaidi ya kilomita 150 na vijiji vimeachana. Hapo msihesabu kilomita za miguu yenu, hesabuni mahali pa kulala. Mkwe ataniambia anaweza kufanya 100 kwa siku. Sawa, lakini 100 zikiishia porini zina faida gani? Ulizeni mbele kabla hamjaondoka: Mchinga, Mandawa, Kiranjeranje, wapi pana gesti, wapi mtendaji wa kijiji anaweza kuwapa mahali. Ondokeni alfajiri mara tu barabara inapoonekana, saa tano muwe kivulini, saa tisa mjue mtalala wapi. Hema mnaloniambia litumieni kwenye uwanja wa shule au uani kwa watu, kwa ruhusa. Simba waliokula watu Rufiji na Lindi si hadithi za bibi. Vitambulisho muwe navyo karibu, maana kitabu cha wageni cha gesti kitawauliza jina, mtokako, muendako na hata kabila, kana kwamba kitanda kinachagua Mmakonde au Mmwera.

Kilwa msipite tu. Kateni kulia Nangurukuru mwende Masoko, pumzisheni miguu, mpande mashua mpaka Kisiwani mkaone magofu ya Msikiti Mkuu na ya jumba la Husuni Kubwa. Baiskeli ziacheni gesti. Mwili unaopumzika katikati ya safari ndio unaofika.

Baada ya hapo ni Somanga, ambako mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara Mei 2024, Dar na kusini tukawa hatuendeani. Ndiyo maana nafurahi mmechagua Julai wala si masika. Rufiji mtaivuka kwa Daraja la Mkapa, karibu kilomita nzima. Kabla halijafunguliwa mwaka 2003 tulikuwa tunasubiri kivuko pale Ndundu, na mto ukijaa unasubiri mpaka Mungu apende. Hapo darajani simameni mpige picha, lakini mkae pembeni kabisa, malori ya saruji hayana subira.

Sasa mambo yenu wawili. Wewe utangulie. Mwenye mwendo mdogo akiwa mbele, hakuna anayeachwa wala anayejiua kukimbiza. Mkwe akae nyuma, avae nguo ya rangi kali, awe na kioo kwenye usukani, na basi likija kasi aseme "toka" na nyote mshuke lami bila mjadala. Na kabla hamjatoka kubalianeni hivi: yeyote akisema leo basi, ni basi. Asiulizwe kwa nini mpaka mmeshakula. Fedha gawaneni, kila mmoja abebe zake. Na pancha ujifunze kuziba mwenyewe, kung'oa tairi, kutafuta tundu kwenye maji, kubandika kiraka. Sitaki nisikie umekaa chini ya mkorosho unamsubiri mume aje na pampu.

Mzigo wekeni chini na nyuma, pande mbili zilingane, ufungwe kwa mipira ya tyubu kuukuu. Kamba hulegea. Uzito ukizidi nyuma, spoki hukatika, kwa hiyo bebeni za akiba zilizopimwa kwenye rimu zenu. Mafundi njiani wapo, tena hodari, ila vifaa vyao ni vya baiskeli tunazopanda sisi. Yale matairi membamba kama ya mashindano, Kiranjeranje hutayapata. Mwambie mkwe abadilishe sasa, bado kuna muda.

Mama yako anasema mje siku tatu kabla, asiwaone mkishuka basi usiku na asubuhi mnaondoka. Nitumieni tarehe nikaulize stendi buti la basi linabeba baiskeli mbili kwa shilingi ngapi, maana makondakta wakiona pedali bei inapanda.

Baba yako,
Mikindani