Mosin ya Kirusi kuwindia kulungu?

Kaka umeuliza Mosin-Nagant, ile bunduki ya zamani ya jeshi la Urusi, inafaa kuwindia kulungu huko Marekani au ni pambo la ukutani, inafaa vizuri tu, ila ile bei ya chini ya dola 100 ya mwaka 2010 hivi sahau, imepanda mno, kama shida yako ni nyama tu bora ununue bunduki mpya ya bei chee inayopokea darubini bila kutobolewa. Nguvu inayo, risasi yake ya 7.62x54R haiko mbali na .30-06, risasi maarufu ya kuwindia Marekani. Lakini usiwinde na risasi za jeshi zilizofunikwa chuma hadi nchani, majimbo mengi yamezikataza na zinapita tu mnyama anakimbia na jeraha, tafuta za ncha laini. Halafu zile risasi za makopo za enzi za Sovieti, fataki yake (kile kiwashio cha kitakoni mwa risasi) inaacha chumvi kwenye mtutu, usiposafisha siku hiyohiyo kutu inakula, anza na maji ya moto (ndio maji, mafuta hayayeyushi chumvi), kausha, ndo upake oili. Bolti (lile komeo unalovuta kupakia risasi) ikigoma kufunguka usikimbilie nyundo, mara nyingi ni grisi iliyopakwa ilipohifadhiwa stoo imeganda kwenye chemba, pale risasi inapokaa. Na fundi bunduki aikague kabla hujapiga hata moja. Kama unakusanya angalia namba za bolti na mtutu zilingane, mbao za bunduki usikate wala usipige msasa, thamani inaondoka hapohapo. Mimi ningekuwa na hela ningetafuta M39, toleo la Mosin la Finland, wale waliweka mitutu yao wenyewe na shabaha yake ni nyingine kabisa.