"Tutaelewana" Ilinigharimu Milioni 22

Ijumaa iliyopita, saa nne asubuhi, uliingia ujumbe wa benki kwenye simu yangu: shilingi milioni 5, awamu ya tatu na ya mwisho. Nilikuwa barabarani, Nkuhungu hapa Dodoma, naelekea saiti. Niliegesha gari pembeni, nikazima injini, nikakaa kimya kama robo saa. Hela ile niliisubiri miaka minne.

Jioni ya siku hiyo hiyo kijana mmoja wa Mbeya akaniandikia: "Shikamoo kaka. Mimi ni mkandarasi wa daraja la saba. Mwenye nyumba ameniongezea ngazi za nje na chumba cha mlinzi. Nimemaliza, sasa anasema bei ni ile ile ya mwanzo. Hatukuandikishana. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, marahaba. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Kila mmoja wetu aliyeanza na daraja la saba, la chini kabisa kwenye usajili wa makandarasi, anataka kupanda, anataka mashine zake, anataka siku moja ashindanie kazi kubwa za serikali. Hatufiki huko tukiwa tunajengea watu bure.

Mwaka 2020 nilipata kazi ya ghorofa moja hapa Dodoma, nyumba nne za kupangisha, mkataba wa shilingi milioni 118. Wakati ule mji ulikuwa unajengwa kila kona, serikali imeshahamia, watumishi wanatafuta pa kukaa, na kila mwenye kiwanja anataka wapangaji. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa heshima, rafiki wa marehemu baba yangu. Mkataba tuliandikishana, tena niliuandaa mwenyewe kwa kufuata mfano niliopewa na rafiki yangu mkadiriaji majenzi. Msingi ukaenda vizuri, kuta zikapanda, malipo ya awamu mbili yakaja kwa wakati.

Jumapili moja jioni Mzee akaja saiti na mwanawe. Mirunda imesimama, mbao zimepigwa, nondo za zege la juu zimesukwa karibu zote. Akatazama mbele ya jengo, akanyoosha fimbo yake: "Mwanangu, hii balkoni ni fupi. Isogeze mbele mita moja na nusu. Na hizi ngazi zitoe ndani, ziende nje, ili kila mpangaji awe na njia yake."

Nikamwambia itagharimu, na kwamba balkoni inayoning'inia hairefushwi kwa kukadiria kwa macho. Lazima mhandisi apige hesabu upya na ramani irudi Jiji ipate idhini. Yeyote anayekumbuka jengo lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 anajua kwa nini mambo hayo sina mchezo nayo. Mzee akaniwekea mkono begani: "Wewe fanya, mwanangu. Tutaelewana."

Nikafanya. Mhandisi nilimlipa mimi. Nondo za nyongeza nilikopa dukani kwa jina langu. Tulisimama wiki tatu tukisubiri idhini, na vibarua wa kudumu nikawa nawalipa hela ya kula. Ziada yote ilifika shilingi milioni 16.4.

Hatua zilizofuata sina la kuzisimulia, ni kuezeka, plasta na rangi. Machi 2021 nikakabidhi jengo. Kipindi cha matazamio cha miezi sita, cha kuangalia kama kuna kasoro, kikaisha, nyufa mbili ndogo za plasta nikaziziba, na hapo nilitakiwa nirudishiwe ile asilimia 5 ya bei ya mkataba ambayo Mzee alikuwa ameishikilia kama dhamana mpaka kipindi hicho kiishe, yaani milioni 5.9. Ukijumlisha na ziada, ni milioni 22.3. Nilipokwenda kudai, Mzee hakuniita tena mwanangu. Aliniita mkandarasi. Akasema: "Mkandarasi, mkataba wetu ni milioni 118. Hayo mengine ulijipendezesha mwenyewe. Na ile asilimia yako nimeishikilia kufidia wiki tatu ulizonichelewesha."

Sentensi ile bado inaniuma. Niliuza mashine ya kuchanganyia zege ili nilipe deni la nondo. Mke wangu alifunga duka lake la vitenge, mtaji ukaingia kwenye mishahara ya mafundi. Mwaka mzima nilikuwa nakwepa kupita ule mtaa.

Mwanzoni mwa 2023 nilifungua kesi, na hapo ndipo nilipoanza shule. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo. Mimi nilidhani hilo linatosha. Lakini Sheria ya Ushahidi inamtaka anayedai ndiye athibitishe, na maneno ya Jumapili jioni hayana sahihi. Wakili wa upande wa pili aliniuliza kwanza kama usajili wangu wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi ulikuwa hai mwaka ule. Ulikuwa hai, ada nilikuwa nimelipa. Kisha akafungua mkataba wangu mwenyewe, akasoma kwa sauti: "Mabadiliko yoyote ya kazi yatafanyika kwa maandishi." Akaniuliza agizo la maandishi liko wapi. Kifungu nilikiandika mimi, na mimi ndiye niliyekivunja. Akamalizia kwa kusema mkataba wenyewe haukulipiwa ushuru wa stempu, kwa hiyo usipokelewe. Tulikwenda kulipa ushuru pamoja na faini yake ndipo ukapokelewa. Jambo hilo dogo mno la ushuru, wengi wetu hatulijui mpaka siku tumesimama mbele ya hakimu.

Kilichoniokoa ni vitu viwili. Cha kwanza ni kaunta buku la fundi mkuu wangu, limelowa maji ya saruji mpaka kurasa zimeshikana, lakini ndani yake mna kila tripu ya mchanga na kokoto: tarehe, namba ya gari, mifuko iliyofunguliwa, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu "balkoni mpya". Cha pili ni ujumbe wa Mzee mwenyewe. Mwezi mmoja baada ya kumwaga zege alinitumia picha ya jengo na maneno haya: "Mwanangu, ile balkoni niliyokwambia imependeza mno. Wapangaji wawili wameshaulizia." Niliyokwambia. Neno hilo moja lilinibeba. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo, mradi uthibitishe umetoka wapi na haujachezewa. Wakili wangu aliandaa kiapo, na simu yenyewe nilikuwa bado ninayo.

Kabla hukumu haijatoka tulipelekwa kwenye usuluhishi wa mahakama. Mzee alipouona ujumbe wake umechapwa kwenye karatasi alinyamaza muda mrefu. Tukakubaliana milioni 17 kwa awamu tatu, hati ya maridhiano ikasajiliwa mahakamani ikawa na nguvu ya hukumu. Nilipoteza milioni 5.3, bila kuhesabu wakili. Hata hivyo nilitoka pale kichwa juu, kwa sababu jasho langu lilitambuliwa mbele ya hakimu.

Sasa, makandarasi wenzangu, tunaogopa kumtolea mtu mzima karatasi kwa sababu tunaona ni kumvunjia heshima. Si kweli! Karatasi inalinda heshima ya wote wawili. Kwenye kazi za serikali hakuna anayehamisha hata mlango bila agizo la maandishi, na hakuna anayenuna. Kwa nini kwenye nyumba za watu binafsi, ambako hela ni ya mtu mwenyewe na undugu uko karibu zaidi, tunakubali maneno? Andika kinachoongezwa, bei yake na siku zitakazoongezeka, kisha sahihi mbili. Zile siku usizisahau, maana Mzee alinikaba hapo hapo. Andika kabla ya kumwaga zege. Ukishamwaga, nguvu yako yote imeingia chini pamoja nalo.

Nanyi wenye nyumba, mnaolalamika kwamba mkandarasi amekuja na bili ya ajabu mwishoni, dawa yenu ni hiyo hiyo. Andikeni.

Jumanne mama mmoja ninayemjengea Ilazo alitaka dirisha moja la jikoni liwe mawili. Nilitoa kitabu ndani ya gari, nikaandika mbele yake, akasoma mara mbili, akatia sahihi juu ya boneti. Fundi alisimama na mwiko wake akisubiri. Ilituchukua dakika sita.

Kwako, mdogo wangu wa Mbeya. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, kwa hiyo muda unao, lakini usiukalie. Mwandikie leo barua ya madai yenye hesabu kamili, abaki na nakala, nawe ubaki na nakala aliyoisaini kupokea. Usimtukane, usiende kubomoa ngazi usiku, kwa sababu hapo kesi itageuka iwe yako. Tafuta daftari la saiti, risiti za duka na fundi aliyekuwepo siku anakuagiza. Simu usiibadilishe. Nitumie picha za ngazi na kila alichokuandikia tangu siku ya kwanza, hata salamu za Idi, usifute chochote.