Daktari Anajibu: Tumbo lishonwe kwa uzi mmoja au fundo mojamoja?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu alipasuliwa kwa dharura baada ya utumbo kutoboka kwa homa ya matumbo. Bandeji ilipofunguliwa niliona ameshonwa kwa mafundo yaliyoachana, ilhali mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye upasuaji wake ulipangwa mapema, ameshonwa kwa uzi mmoja mfululizo. Je, mdogo wangu ameshonwa vibaya? Majirani wanamtisha kwamba tumbo litafumuka. — Msomaji, Urambo, Tabora.

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Mafundo uliyoyaona ni ya ngozi, na ngozi siyo inayolibeba tumbo. Kinacholibeba ni utando mgumu mweupe ulio chini ya mafuta, ambao hushonwa peke yake na mshono wake hauonekani kwa nje. Tumbo likiwa limechafuka kwa usaha au kinyesi, mafundo ya ngozi yaliyoachana yana faida kubwa, kwa sababu kidonda kikitunga usaha daktari hufungua moja au mawili bila kufumua mshono wote.

Hata kwenye utando wenyewe, utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha wagonjwa 625 wa upasuaji wa kupangwa, haukuona tofauti ya maana ya henia (ngiri, yaani utumbo kutokeza chini ya ngozi kupitia utando ulioachia) kati ya fundo mojamoja na uzi mfululizo. Kwa maoni yangu, jambo zito zaidi ni namna sindano inavyopitishwa. Tangu mwaka 1976 daktari wa upasuaji Jenkins wa Uingereza alionyesha kwamba uzi unaotumika uwe angalau mara nne ya urefu wa jeraha, yaani sentimita 80 kwa jeraha la sentimita 20, kwa kuwa tumbo likijaa gesi jeraha hurefuka na uzi uliobanwa sana huukata utando. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi walilinganisha mishono ya karibu, sindano ikiingia milimita 5 kutoka ukingoni na kila mshono ukifuatana na mwenzake kwa milimita 5, na mishono mikubwa ya sentimita moja. Baada ya mwaka mmoja, henia zilikuwa asilimia 13 kwa mishono midogo na asilimia 21 kwa mikubwa. Hao nao walikuwa wagonjwa wa upasuaji wa kupangwa; kwa dharura kama ya mdogo wako ushahidi bado ni haba, na uchafu wa tumbo, kikohozi, sigara na lishe duni huweza kuharibu hata mshono mzuri.

Kwa hiyo, akikohoa akumbatie mto tumboni, na kwa wiki sita za mwanzo asibebe ndoo ya maji wala robota la tumbaku. Bandeji ikilowa ghafla maji mepesi ya rangi ya damu, mrudisheni hospitali saa hiyohiyo. Utumbo ukionekana, ufunikeni kwa kitambaa safi chenye unyevu, msiurudishe ndani. Uvimbe unaotokeza akikohoa, hata baada ya miezi mingi, ni wa kuonyeshwa kwa daktari wa upasuaji, kwa mfano katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, na aende na karatasi zake za upasuaji ili ijulikane alishonwa kwa uzi gani.