Programu ya zamani ikigoma kwenye kompyuta mpya, anza na data

Shangazi yangu ana duka la pembejeo pale Mbalizi, Mbeya, na kwa zaidi ya miaka 15 madeni ya wakulima ameyaweka kwenye programu moja ndogo aliyoandikiwa na kijana fulani kwa lugha ya kuandikia programu ya Visual Basic 6 enzi za Windows XP, kijana mwenyewe alishahama na simu haipatikani. Sasa mwezi wa kumi, watu wanajiandaa na mvua kila mtu anataka mbolea ya DAP kwa mkopo, umeme ukakatika ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikatoa harufu ya kuungua ikazima jumla. Akanunua nyingine yenye Windows 11 akanipigia, "Mwanangu, njoo uniwekee kitabu changu humu." Kitabu ndio hiyo programu, hajawahi kuiita jina lingine.

Kabla hujagusa chochote, okoa data. Kompyuta kufa haina maana diski imekufa, sisi tuliichomoa tukaiunganisha na kebo ya USB na kila kitu kilikuwepo. Kopi folda nzima ya programu, sio ile faili ya kufungulia tu, na ukishakopi weka nyingine kwenye fleshi ambayo hutaigusa tena. Kwetu madeni yote yalikuwa kwenye faili moja inayoishia na .mdb. Hiyo ndiyo mali. Programu inaweza kuandikwa upya, ila nani anakumbuka nani alichukua mifuko mingapi ya urea?

Nikaweka ile CD ya kuinstolia, Windows ikakataa, ikasema haiwezi kuendesha hii kwenye kompyuta yako. Hapa wengi wanakata tamaa. Windows ya biti 64, ndiyo ya kompyuta za sasa, haiendeshi kabisa programu za biti 16, zile za kizamani kabisa, na Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo hakuna ujanja wa kubonyeza ukaipita. Lakini mara nyingi kilicho cha biti 16 ni kile kisetapu tu, programu yenyewe ni ya biti 32 na inakubali vizuri. Ndio maana nimesema kopi folda nzima. Nikaibandika ndani ya Program Files (x86), nikafungua, ikaja erori nyingine, MSCOMCTL.OCX haijasajiliwa, yaani faili saidizi ambalo programu inalitegemea, na Windows hii mpya hailijui.

Ujumbe wa namna hii usome neno kwa neno, maana unakutajia jina la kinachokosekana. Usikimbilie kugugo hilo jina ukapakua faili kwenye saiti usiyoijua, utaingiza virusi kwenye kompyuta yenye hela za watu. Faili ninalotafuta lilikuwepo kwenye diski ya zamani, ndani ya Windows, folda ya System32. Ila kwenye kompyuta mpya ya biti 64 haliendi System32, linaenda SysWOW64. Najua majina yamekaa kinyume, folda yenye 64 ndiyo inayokaa vitu vya biti 32, ndivyo ilivyo. Nikaliweka pale, nikafungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, kwa Run as administrator, nikaingia kwenye hiyo folda nikaandika amri ya kusajili, regsvr32 mscomctl.ocx, ikajibu imefanikiwa. Kitabu kikafunguka. Shangazi akasema ndaga fijo, yaani asante sana, akanipa viazi nusu gunia nikarudi zangu mjini.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize. Ijumaa na Jumamosi shangazi kaingiza malipo vizuri tu. Jumapili nikapita, nikaona kuna ripoti moja haitoki, nikabonyeza kitufe cha kulia kwenye ikoni, Properties, Compatibility, nikatia tiki ile ya kuendesha kama administrator. Ripoti ikatoka nikaondoka. Jumatatu asubuhi kaja mzee mmoja anayelima viazi kule Umalila, Ijumaa alilipa deni lake lote, shangazi kafungua kitabu na deni liko palepale kana kwamba hajaleta hata shilingi. Yule mzee hakugombana, alikunja risiti akaiweka mezani akanyamaza, na shangazi aliniambia kunyamaza kule ndiko kulikomuumiza.

Kumbe tangu Windows Vista, programu ya zamani ikijaribu kuandika ndani ya Program Files, Windows haiiruhusu, ila haisemi, inachukua kopi ya faili inaipeleka pembeni, kwenye folda ya mtumiaji, AppData, Local, VirtualStore, na programu inaandikia huko. Nilipotia ile tiki programu ikaruhusiwa kufungua faili la asili, ambalo ni la tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo malipo hayakupotea, yalikuwa kwenye faili la pili. AppData imefichwa, lazima uruhusu vitu vilivyofichwa vionekane. Nilikuta .mdb mbili, nikaangalia tarehe na saa, nikakopi zote mbili kwenye fleshi kwanza, ndipo nikachukua ile ya Jumamosi. Kisha nikahamisha programu yote kwenda C:\Duka, nje kabisa ya Program Files, na nikaondoa ile tiki. Fanya hivyo kuanzia mwanzo na hutapitia nilichompitisha shangazi.

Tarehe nazo ziangalie, kompyuta mpya nyingi zinakuja na mpangilio wa Kimarekani, mwezi unatangulia, 03/11 inakuwa Machi 11, badilisha kwenye mipangilio ya Region. Kama yako ni ya DOS kabisa, ule mfumo wa kuandika amri wa kabla ya Windows, jaribu DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS. Na ikishindikana yote, weka XP ndani ya VirtualBox, programu inayotengeneza kompyuta ndani ya kompyuta, ila uizimie intaneti, maana Microsoft waliacha kuihudumia tangu Aprili 2014.

Jumatatu hiyohiyo jioni shangazi alimpigia yule mzee, akamsomea salio kwa simu, sifuri, akamwomba radhi. Siku hizi kila akifunga duka anachomeka fleshi, anakopi folda ya Duka, ndipo anazima taa.