Krenkikesi haigeuzwi kwa macho

Mdogo wangu mmoja kaja juzi karakanani kwangu hapa Makorora, krenkikesi, lile ganda la injini linaloshika krenki, kaiviringisha kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Ya injini ndogo ya ndege ya mfano, ujazo wa sisi (cc) 10, kaichonga mwenyewe kutoka pande la alumini. Inang'aa, nikafurahi kweli. Nikashika krenki, ile shafti inayozungusha propela, kuizungusha: nzito, kama mwiko ndani ya ugali. Akasema, "Fundi, si italainika ikishatembea?" Huyo ni wa tatu mwaka huu. Jamani, hailainiki.

1. Beringi mbili, mstari mmoja. Krenkikesi yangu ya kwanza nilichimba tundu la nyuma, 28 mm, la beringi 6001. Lilitoka safi. Nikaitoa kwenye chaki ya meno matatu, kile kibanio cha mashine ya kukereza, nikaigeuza, nikaibana upya, nikawasha mashine na kuitazama. Machoni ilikuwa imenyooka. Nikachimba la mbele, 22 mm, la beringi 608. Kilichonipoteza ni kwamba vipimo vyote vilikuwa sahihi: kila tundu lilikubali beringi yake. Mikromita inakwambia tundu lina upana gani, haikwambii kama matundu mawili yanatazamana. Krenki ikawa nzito nami nikaona, lakini nilikuwa na hamu ya kusikia mlio. Nikafunga propela, nikawasha. Dakika chache tu pua ya injini ikawa haishikiki kwa moto, mlio ukageuka, ikasimama. Nilipofungua, njia ya gololi imechimbika na shafti imebadilika rangi. Krenki ile niliikereza jioni baada ya jioni, karibu mwezi mzima, kutoka chuma kigumu. Nilikaa pale mpaka adhana ya Isha sijagusa kitu. Kesho yake nikaweka dayali, ile saa ya kupimia myumbo: tundu la mbele lilikuwa linayumba 0.09 mm. Chaki ya meno matatu hairudishi kitu pale pale kilipokuwa, hata ukiibembeleza.

Dawa ni kisiki. Bana kipande cha alumini kwenye chaki, kikereze mpaka tundu la 28 likivae bila kucheza, halafu usikitoe. Ivalishe krenkikesi hapo hapo kwa upande wa nyuma, ikaze kwa boliti za pembeni, ndipo uchimbe la mbele. Kabla ya kuchimba, gusa kwa dayali. Kisiki kikishatoka kwenye chaki kimekufa. Kazi nyingine, kereza kingine.

2. Beringi haipigwi nyundo. Chemsha krenkikesi kwenye sufuria ya maji: kutoka nyuzi 30 hadi 100, tundu la 28 mm linapanuka kama 0.045 mm, na beringi iliyolala kwenye friza inadondoka yenyewe. Futa maji upesi. Kwa sababu hiyo hiyo usipime tundu lililotoka kuchimbwa likiwa bado na joto, utadanganyika.

3. Ukuta mwembamba usikabwe. Ukibana sana, tundu ni duara likiwa ndani ya chaki tu. Ukilegeza linakuwa na pembe tatu. Mkato wa mwisho, legeza kidogo.

4. Alumini inagandia kwenye kisu. Mafuta ya taa kidogo kwa brashi, yanatosha.

5. Umeme ukikatika kisu kikiwa ndani ya tundu, kirudishe nyuma kwa mkono kabla haujarudi. Na kabla ya kulala paka oili reli za mashine. Hewa yetu ya bahari haisubiri wiki, asubuhi tu unakuta wekundu.

Mdogo wangu, ya kwako haijafa. Pua yake ina nyama ya kutosha. Njoo Jumamosi asubuhi na pande lingine la alumini na beringi mpya ya 608. Tutaivalisha kwenye kisiki, tupanue tundu la mbele hadi 26, tutie bushi, yaani pete ya alumini, kwa gundi ya beringi, ikauke, tuchimbe tena 22 bila kuitoa. Krenki acha nyumbani kwanza, nisije nikakuona unaijaribu katikati ya kazi.