Wanne uani, sitini shambani

Nina mbuzi wanne nyuma ya nyumba, Kibaha, na wananizalia vizuri. Nimepata kiinua mgongo. Niongeze wafike sitini?

Mzee wangu, ongeza majani kwanza. Hao wanne wanakula maganda ya ndizi, pumba na matawi ya njiani, vitu ambavyo huvihesabu kwa kuwa huvilipii. Mbuzi wa kilo 30 anataka kilo tatu hadi nne za majani mabichi kwa siku. Kwa sitini ni takriban kilo 200, kila siku, hata ule mwezi wa kiangazi ambapo kila mtu kijijini anatafuta majani yaleyale. Hapo ndipo wengi huanza kununua chakula kwa pesa waliyopata kwa kuuza mbuzi. Panda lukina (mti wa malisho) na matete (majani ya tembo), yakishika ndipo ulete majike kumi. Mbuzi hubeba mimba siku 150 tu, na mapacha ni kawaida, kwa hiyo kundi litakua lenyewe huku wewe ukijifunza. Wageni watenge wiki tatu, na muulize ofisa mifugo kuhusu chanjo ya sotoka ya mbuzi na ya homa ya mapafu. Uani ugonjwa unakuondolea mmoja. Kwenye sitini unaweza kukufungia banda.

Majirani wanalalamika harufu.

Anayenuka ni beberu. Kwa majike matatu humhitaji: azima au kodi wakati wa kupandisha, na kila mara mwingine, ili baba asije akapanda binti zake. Mwenye majike 25 ndiye afuge wake.

Nawapa dawa ya minyoo kila mwezi, lakini wanakonda na mmoja amevimba chini ya taya. Banda ni la udongo.

Mama, shika kichwa chake mwangani, vuta kope la chini. Nyama ya ndani ikiwa nyekundu, yuko salama; ikiwa nyeupe kama karatasi, minyoo inamnyonya damu, na ule uvimbe wa taya ni dalili hiyohiyo. Mpe dawa haraka kwa kipimo cha uzito wake, si cha kukadiria. Kuwanywesha wote kila mwezi kunaizoesha minyoo dawa. Kisha inua sakafu: mbao zenye nafasi ya sentimita moja na nusu, kinyesi kidondoke chini. Majani yatundike au yaweke horini, na msiwatoe malishoni kabla umande haujakauka.

Nichukue mbuzi wa Boer, wale wa nyama wa asili ya Afrika Kusini, au wa kienyeji?

Beberu wa Boer, majike wa kienyeji. Boer kamili bila chakula cha kutosha ni hasara yenye masikio marefu.

Mwezi huu nimenunua majike matatu, hayajapandwa. Nataka niuze watoto wao Idd ya kuchinja ijayo.

Mbuzi wa kuchinjwa awe ametimiza angalau mwaka, na madhehebu ya Shafi hutaka miaka miwili; asiwe na chongo wala kuchechemea. Miezi mitano ya mimba, angalau kumi na miwili ya kukua: si chini ya kumi na saba. Na Idd yenyewe kila mwaka hurudi nyuma siku kama 11. Ijayo imeshakupita, ndugu. Hesabu ile itakayowakuta wametimiza umri.